Mbuzi Hununuliwa Mwisho: Mwongozo Kamili wa Kuanza Kufuga Mbuzi Uganda

Mvua zikishakolea, ujumbe unaonifikia kutoka Kasese, Busia na Arua huwa ule ule. Mtu amenunua mbuzi 10 kwa mpigo. Wiki mbili tatu za mwanzo wanakula vizuri, kisha mmoja anaanza kubaki nyuma, manyoya yanamsimama, chini ya taya panavimba. Anapewa dawa ya dukani, na baada ya siku chache anakufa. Mwezi ukiisha wamebaki wachache, na mwenyewe ameshakata tamaa.

Wengine husingizia jicho baya la jirani. Kinachowaua, mara nyingi, ni mpangilio wa kazi: mbuzi wametangulia, banda limejengwa haraka haraka baadaye, majani yanatafutwa kila asubuhi kando ya barabara, na minyoo inatibiwa kwa kubahatisha. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine. Mbuzi wenyewe wanaingia kwenye hatua ya 3, na nakusihi usiruke mbili za kwanza hata kama fedha ya mbuzi iko mfukoni.

Anza na majike 4. Hao wanatosha kukufundisha, na banda lao halitakufilisi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Nguzo za mkaratusi, mabanzi au fito zilizonyooka za sakafu, mabati, misumari, na oili chafu ya gari ya kupaka sehemu ya nguzo inayoingia ardhini ili mchwa wasiile.
- Mbegu au miche ya kaliandra (mti wa malisho), na vipando vya matete.
- Hori la majani, ndoo mbili za maji zenye mfuniko, na jiwe la chumvi lenye madini.
- Mizani ya kuning'iniza inayofika kilo 50.
- Kipimajoto, bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano kwa kunyweshea dawa, iodini, glavu, mkasi wa kwato.
- Daftari la jalada gumu.
- Namba ya simu ya daktari wa mifugo wa gombolola yako. Mtafute na mfahamiane kabla hujawa na mgonjwa.

## Hatua ya 1: Panda chakula

Jike wa kilo 30 anahitaji takriban kilo moja ya chakula kikavu kwa siku, yaani kilo 4 hadi 5 za majani mabichi. Majike 4 ni kilo 20 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mtu mwenye kazi nyingine hawezi kuokota kilo 20 porini kila siku. Ataweza Machi hadi Mei, lakini Januari na Februari zitamshinda.

Panda kaliandra kwenye mpaka wa shamba. Loweka mbegu kwenye maji baridi siku 2 kabla ya kupanda, kisha hamisha miche mvua zikianza, ukiacha nusu mita kati ya mche na mche. Ua wa mita 100 utakupa miti 200. Mti huu huchukua kama mwaka mmoja kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Ukate ukiacha kisiki cha kama mita moja, nao utachipua tena na tena. Majani yake yana protini nyingi, lakini yana tanini pia, kwa hiyo yasizidi theluthi moja ya chakula cha siku. Wape yakiwa mabichi, kwa sababu yakikauka mbuzi hawayafaidi vile vile.

Matete yako tayari kwa miezi 3 hadi 4. Wakati unasubiri kaliandra, tumia majani ya fenesi, ya mutuba (mti wa nguo za magome), marando ya viazi vitamu, majani ya maharage baada ya mavuno, na maganda ya matooke. Maganda na majani ya mihogo nayo ni chakula kizuri, ila yana sumu yakiwa mabichi: yaanike yanyauke kabisa kwanza. Mtama mchanga na ule unaochipua baada ya ukame una sumu ya aina hiyo hiyo. Lantana, ule mti wa ua wenye maua ya rangi nyingi, usiukate kabisa kwa ajili yao.

Umefaulu kama unaweza kutembea shambani kwako na kuonyesha kwa kidole chakula cha miezi 2 ijayo.

## Hatua ya 2: Jenga banda lililoinuka

Hapa ndipo fedha ya kwanza iende. Mbuzi anastahimili njaa ya siku moja kuliko anavyostahimili kulala kwenye unyevu. Akilala juu ya mavi na mkojo anapata kikohozi, kwato zinaoza, na anakula mabaki ya majani yaliyochanganyika na kinyesi, ambamo mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara damu vimejaa. Sakafu ya mbao iliyoinuliwa inakata mzunguko huo: kinyesi kinaanguka chini, mbuzi anabaki juu.

Ukubwa. Kila jike apate mita 1.5 za mraba, beberu mita 3. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinawatosha majike 4 na watoto wao.

Kimo. Inua sakafu kama mita moja kutoka ardhini. Ukiiweka chini zaidi hutaweza kuingiza reki kuondoa mbolea, na mbolea isiyoondolewa itajaa hewa ya mkojo inayowasha macho.

Nafasi kati ya fito. Hili ndilo wengi hukosea. Acha sentimita 1.5, basi. Ikiwa pana zaidi, mguu wa mtoto unapenya na kuvunjika. Ikiwa nyembamba zaidi, punje za kinyesi hazianguki na sakafu inageuka tope. Kata kipande cha ubao chenye unene wa sentimita 1.5 ukitumie kama kipimo kila unapopigilia ubao mpya. Macho hudanganya, hasa jioni fundi akiwa anataka kwenda nyumbani. Kona ya watoto itandikwe ubao mzima na nyasi kavu juu yake.

Kuta na paa. Upande unakotoka upepo na mvua uzibwe mpaka juu. Pande nyingine ziwe wazi kuanzia usawa wa kichwa cha mbuzi ili hewa ipite. Banda lililozibwa pande zote kwa kuogopa baridi linaleta kichomi kuliko baridi yenyewe.

Hori. Liwekwe nje ya ukuta, mbuzi atoe kichwa kupitia tundu na kula. Akiweza kupanda ndani ya hori atakojoa humo, na baada ya hapo hakuna mbuzi atakayegusa chakula hicho.

Jaribu banda kabla ya mbuzi kuja: mwaga ndoo ya maji sakafuni jioni. Asubuhi iwe imekauka.

## Hatua ya 3: Chagua na ununue

Kwa anayeanza, ushauri wangu hauna maneno mengi. Nunua majike wa kienyeji, na damu ya kigeni uilete kupitia beberu. Mbuzi wa Mubende, wale weusi wenye manyoya mafupi yanayong'aa, wana nyama nzuri na ngozi inayopendwa na watengenezaji wa viatu. Mbuzi wadogo wa Afrika Mashariki wanavumilia ukame. Kigezi, kwenye baridi ya milimani, kuna mbuzi wenye manyoya marefu wanaofaa kule. Boer, waliotoka Afrika Kusini, wanakua haraka lakini minyoo inawaangusha upesi. Saanen na Toggenburg wa Uswisi wanatoa maziwa mengi wakilishwa vizuri, na Saanen kwa ule weupe wao wanaungua na jua. Chotara wa jike wa Mubende na beberu wa Boer anakua vizuri bila kuhitaji uangalizi wa hospitali.

Nunua kwa mfugaji unayeweza kufika kwake na kuona mama wa mbuzi unayemtaka. Sokoni mbuzi wa vijiji 20 wanapumuliana siku nzima, na asiyeuzwa leo anapelekwa soko jingine kesho. Kama huna njia ila soko, basi mkague kila mmoja hivi:

Mwambie muuzaji amwachie atembee, kisha akimbie kidogo. Anayekohoa baada ya hatua chache mwache. Fungua mdomo: mbuzi ana meno ya mbele chini tu. Meno 2 makubwa ni mbuzi wa mwaka mmoja na kidogo, 4 ni miaka 2, 6 ni miaka 3, na 8 ni miaka 4 au zaidi. Wewe unataka mwenye 2 au 4. Vuta kope ya chini uone rangi ya ndani. Iwe nyekundu au waridi iliyokolea. Papasa chini ya masikio na mbele ya mabega kutafuta majipu. Kamata kiwele kwa mkono mzima: kiwe laini, bila uvimbe mgumu, na chuchu 2 zinazofanya kazi. Nyanyua mkia, uone kama nyuma pamekauka. Kwa beberu, korodani zote mbili ziwe zimeshuka, zinalingana, na ngumu kiasi.

Mbuzi mwenye bei nafuu kupita wenzake ana sababu, hata kama muuzaji anaapa.

## Hatua ya 4: Safari, kisha kutengwa wiki 4

Kabla ya kusafirisha, pata kibali kutoka ofisi ya daktari wa mifugo wa wilaya unakonunua, pamoja na barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) inayoonyesha mbuzi ni wa nani. Uliza kama kuna karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo. Ikiwepo, mbuzi nao hawaruhusiwi kutoka, si ng'ombe peke yao.

Usimfunge mbuzi miguu na kumlaza ubavu kwenye boda boda kwa safari ndefu. Mnyama anayecheua akilala ubavu muda mrefu hewa ya tumboni haitoki, tumbo linajaa, na anaweza kufa njiani au kufika na mimba iliyoharibika. Mweke asimame kwenye gari lenye nyasi chini, na msafiri asubuhi na mapema au jioni.

Wakifika, wape maji kwanza, halafu majani makavu. Wakae wiki 4 mbali na mbuzi wengine wowote ulio nao, kwa ndoo zao na hori lao. Wahudumie wao mwisho, baada ya wale wa zamani, ili viatu vyako visibebe ugonjwa kuwapelekea wenzao.

Siku ya kwanza au ya pili, daktari awape dawa za minyoo za aina mbili zisizo za ukoo mmoja. Sababu ni kwamba mbuzi mgeni anaweza kuja na minyoo iliyokwisha kuzoea dawa moja, na ukiiruhusu ikaingia shambani kwako hutaitoa tena. Wabaki bandani siku 2 baada ya dawa kabla ya kukanyaga nyasi. Baada ya wiki 2, peleka kinyesi kikapimwe ujue kama dawa imefanya kazi.

Wiki ya nne ikiisha bila kikohozi, bila kuhara, na macho bila tongo, wachanganye na wenzao.

## Hatua ya 5: Lishe ya kila siku

Toa majani mara mbili, asubuhi na jioni, na uyaninginize kwa mafungu usawa wa kichwa. Mbuzi hula kwa kuchagua na kwa kunyoosha shingo juu. Kilichoanguka chini hakitaki. Kwa hiyo kata zaidi ya mahesabu, na mabaki yaende kwenye mbolea.

Kunde zenye umande, pamoja na majani ya viazi yaliyolowa, zinamjaza gesi. Yaache yanyauke saa chache.

Maji safi yawepo wakati wote. Jike mkavu hunywa kama lita 3 hadi 4, na anayenyonyesha anaweza kufika 8. Maji yakiwa machafu atakataa, na maziwa yatapungua kabla hujajua sababu. Chumvi ya mawe kutoka Katwe ni nzuri na wanaipenda, lakini ni chumvi zaidi kuliko madini mengine, kwa hiyo weka pia jiwe lenye fosforasi na madini mchanganyiko.

Mbuzi aliyeshiba hulala kifudifudi na kucheua. Pita saa sita mchana: wengi wakiwa wanacheua, lishe iko sawa.

## Hatua ya 6: Minyoo

Soma sehemu hii mara mbili. Ndiyo inayoondoa mbuzi wengi kuliko nyingine zote.

Adui mkubwa anaitwa Haemonchus. Anakaa kwenye tumbo la nne na kunyonya damu, na jike mmoja wa mnyoo huyu anataga mayai kati ya 5,000 na 10,000 kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi. Kwenye joto na unyevu wa masika yetu, kwa muda wa kama wiki moja yanakuwa viluwiluwi vinavyopanda kwenye nyasi zenye umande, vikisubiri mbuzi avile. Hii ndiyo sababu vifo vinafuata mvua, na ndiyo sababu mbuzi anaweza kufa bila kuhara hata kidogo: Haemonchus haleti kuhara, analeta upungufu wa damu.

### Kusoma kope

Kila wiki 2 wakati wa mvua, na kila mwezi wakati wa kiangazi, wakague wote. Fanya mchana nje, kwenye mwanga wa jua. Kamata kichwa, weka kidole gumba cha mkono mmoja juu ya jicho na ubonyeze taratibu mboni irudi ndani, kisha kwa kidole cha mkono wa pili uvute kope ya chini. Tazama utando ndani ya kope kwa haraka, kwa sababu ukishika muda mrefu unabadilika rangi.

Nyekundu: salama. Waridi iliyokolea: salama, endelea kumwangalia. Waridi iliyopauka: mpe dawa. Nyeupe yenye uwaridi kwa mbali: mpe dawa leo, na lishe nzuri. Nyeupe kama karatasi: mwite daktari sasa hivi, huyo yuko karibu kufa. Kuna kadi iitwayo FAMACHA, iliyotengenezwa Afrika Kusini, yenye picha za rangi hizo 5 kwa mpangilio. Daktari wako akiwa nayo mwombe akufundishe kuitumia.

Uvimbe laini chini ya taya, unaobonyea ukiushika, ni dalili kwamba damu imepungua sana. Usiuchome sindano wala kuupasua, si jipu.

Kope nyeupe zinaweza pia kuletwa na kupe wengi au minyoo ya ini, hasa kwa mbuzi wanaochungwa mabondeni kwenye maji. Ukiona umempa dawa na wiki 2 zimepita bila rangi kurudi, usirudie dawa ile ile. Kinyesi kipimwe.

### Kumpa dawa

Mpe yule tu anayehitaji. Najua wengi wamefundishwa kuwanywesha wote kila miezi 3, na wanaona huu ni uzembe. Lakini ukiwanywesha wote, minyoo inayobaki hai ni ile iliyoshinda dawa, na hiyo ndiyo itakayotaga mayai ya shamba zima. Ukiwaacha wenye kope nyekundu bila dawa, minyoo yao michache isiyojua dawa inaendelea kuchanganyika na ile sugu, na dawa yako inabaki na nguvu miaka mingi zaidi.

Mpime kwa mizani. Kukadiria kwa macho karibu kila mara kunapunguza kilo, na dawa pungufu ndiyo shule ya minyoo sugu. Jambo jingine: mwili wa mbuzi huondoa dawa nyingi za minyoo haraka kuliko wa kondoo, kwa hiyo kipimo cha kondoo kilichoandikwa kwenye chupa mara nyingi hakimtoshi mbuzi. Muulize daktari kipimo cha mbuzi kwa dawa ile unayoishika mkononi. Usijiongezee mwenyewe, maana levamisole ikizidi inaua. Albendazole asipewe jike aliye kwenye mwezi wa kwanza wa mimba, huharibu mtoto.

Wakati wa kunywesha, ingiza bomba pembeni mwa mdomo, kwenye pengo lisilo na meno, hadi nyuma ya ulimi, na usukume taratibu. Kichwa kibaki usawa wa mgongo. Ukikiinua kama unayemmiminia mtoto uji, dawa itaingia mapafuni.

### Kupunguza minyoo bila dawa

Viluwiluwi vingi hukaa sentimita 5 za chini za nyasi. Usiwachunge mahali nyasi zimeliwa zikabaki fupi, na usiwatoe kabla ya umande kukauka. Ukiweza kuwalisha bandani muda wote wa mvua, fanya hivyo, utaona tofauti kwa msimu mmoja tu. Majike waliotoka kuzaa na watoto walioachishwa karibuni ndio dhaifu zaidi. Wao wawe wa kwanza kukaguliwa.

Andika namba ya kila unayempa dawa. Baada ya msimu 2 daftari litakuonyesha kwamba dawa yako nyingi inakwenda kwa mbuzi wachache wale wale. Hao wauze, na usibakize watoto wao kwa uzazi.

## Hatua ya 7: Chanjo na kupe

Chanjo mbili ni za lazima katika sehemu kubwa ya nchi. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Karamoja mwaka 2007, huleta homa kali, makamasi, vidonda mdomoni na kuhara, na inaweza kufagia kundi zima. Chanjo yake hulinda kwa miaka 3 au zaidi. Homa ya mapafu ya mbuzi hurudiwa chanjo kila mwaka. Chanjo lazima itoke na kufika kwenye baridi, kwa hiyo mkubaliane na majirani siku moja, chupa moja ifunguliwe na kumalizwa. Usimchanje mgonjwa, wala mbuzi aliyeshuka kwenye gari jana.

Ukiona mbuzi 2 au 3 wana homa na makamasi kwa wakati mmoja, mpigie daktari wa mifugo kabla ya kuuza au kuchinja yeyote. Joto la kawaida la mbuzi ni nyuzi 38.5 hadi 39.5, na mchana wa jua kali linaweza kukaribia 40.

Kupe huwaandama masikioni, chini ya mkia na katikati ya kwato. Wanaleta, pamoja na mengine, ugonjwa wa maji ya moyo, ambao unaua mbuzi wa kigeni ghafla. Changanya dawa ya kuogesha kwa kipimo kilichoandikwa. Magharibi mwa Uganda kupe wengi wameshazoea dawa kwa sababu ya watu kuzimua na kuchanganya dawa tofauti.

Kwato punguza kila wiki 6 hadi 8.

## Hatua ya 8: Kupandisha

Jike asipandwe kabla ya kufikisha theluthi mbili za uzito wa mama yake, kwa kawaida akiwa na mwaka mmoja. Akibeba mimba mdogo atadumaa, na kama beberu ni Boer mtoto anaweza kuwa mkubwa asipite.

Joto hurudi kila baada ya siku 18 hadi 21 na hudumu siku moja hadi moja na nusu. Utaona anatikisa mkia bila kupumzika, analia, anapanda wenzake, na uke umevimba kidogo. Mpeleke kwa beberu mara moja, na umrudishie tena baada ya saa 12. Andika tarehe. Asipoonyesha joto baada ya wiki 3, ana mimba: hesabu siku 150 kutoka tarehe hiyo, hapo ndipo atakapozaa.

Kwa majike 4 si lazima ununue beberu. Shirikianeni wafugaji watano sita mnunue mmoja mzuri, mmkague afya kila mwaka, na mmbadilishe baada ya miaka 2 ili asije akapanda mabinti zake.

## Hatua ya 9: Siku ya kuzaa na saa ya kwanza

Mwezi na nusu wa mwisho wa mimba, mwongezee chakula bora, maana mtoto anakua zaidi wakati huo. Wiki ya mwisho mtenge kwenye kona yenye nyasi kavu.

Akianza kusukuma kwa nguvu, mwache afanye kazi yake. Nusu saa ikipita bila chochote kuonekana, au ukiona mguu mmoja tu, au mkia ndio unaotangulia, piga simu. Mtoto aliye sawa hutanguliza kwato 2 za mbele na pua juu yake.

Akishatoka:

1. Futa pua na mdomo kwa kitambaa safi. Mwache mama amlambe, ndivyo anavyomjua kuwa ni wake.
2. Tumbukiza kitovu chote kwenye iodini. Kitovu kilichoachwa ndicho mlango wa maungo kuvimba wiki 2 baadaye.
3. Kamua tone moja kutoka kila chuchu kuondoa nta iliyoziba.
4. Hakikisha amenyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa moja.

Hiyo ya nne ndiyo inayoamua maisha yake. Mwanambuzi anazaliwa bila kinga yoyote mwilini. Kinga yote anaipata kwenye dang'a, na utumbo wake unaipokea vizuri saa chache za kwanza tu. Baada ya siku moja mlango umefungwa. Kiasi kinachohitajika siku hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake: mtoto wa kilo 2 apate mililita 200, kidogo kidogo mara 4 au 5.

Ingiza kidole safi mdomoni mwake. Mdomo ukiwa wa moto na anavuta kidole, yuko salama. Ukiwa wa baridi na hanyonyi, usimlazimishe maziwa, kwa sababu tumbo lililopoa haliwezi kuyasaga na yatapita mapafuni. Mpashe moto kwanza: boksi, nguo kavu, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Akianza kuinua kichwa na mdomo ukawa na joto, kamua dang'a ya mama umpe kwa chupa.

Kondo la nyuma litoke lenyewe ndani ya saa 12. Usilivute.

Baada ya saa 2, mtoto aliyefaulu amesimama, tumbo limejaa ukilipapasa pembeni, na amelala karibu na mama bila kulia.

## Hatua ya 10: Hadi kuachisha ziwa

Kuanzia wiki ya pili waninginizie majani laini usawa wao. Hawatakula ya maana, lakini kutafuna tafuna ndiko kunakoamsha tumbo la kucheua.

Kati ya wiki ya 3 na mwezi wa 5, ogopa kuhara damu kunakoletwa na koksidia, kijidudu cha utumboni. Dawa za minyoo hazigusi koksidia, na hapa ndipo watu hupoteza siku 3 za thamani wakinywesha albendazole. Mtoto anayehara, ana nyuma chafu na amejikunja mgongo anahitaji dawa ya koksidia kutoka kwa daktari, maji yenye chumvi na sukari, na wenzake wote wahamishiwe sakafu kavu siku hiyo hiyo.

Madume usiyotaka kwa uzazi yahasiwe kwa koleo la kuhasi yakiwa na miezi 2 hadi 3. Ambayo hayakuhasiwa yatengwe na dada zao kabla ya mwezi wa 4, kwa sababu yanaweza kupanda mapema kuliko unavyodhani.

Achisha wakiwa na miezi 3, ikiwa wanakula majani vizuri. Mwondoe mama, watoto wabaki banda walilolizoea. Kuhama na kukosa maziwa kwa siku moja ni mzigo mara mbili. Usipange chanjo au kuhasi wiki hiyo. Mwanambuzi wa kienyeji aliyezaliwa na kilo 2 awe na kilo 8 hadi 10 siku ya kuachishwa. Aliye chini ya hapo mvute kope, mpime kinyesi, umwongezee kaliandra.

Mama naye, kope zikiwa nyekundu na mgongo umerudisha nyama, anaweza kupandwa tena miezi 2 hadi 3 baada ya kuzaa. Kwa mpango huo jike mmoja anakupa mizao 3 katika miaka 2. Aliyebaki mwembamba mpe mwezi mmoja zaidi wa majani mazuri kabla ya kumpeleka kwa beberu.